Mruko wa Solo

Katika nyumba ile palikuwa na mkasi usiokata kitu kingine ila kitambaa. Si karatasi, si kamba, si pakiti ya maziwa. Fundi aliutundika kwenye msumari juu ya cherehani, na watoto wake wawili walikua wakijua kwamba bora uvunje sahani kuliko kuugusa ule mkasi. Siku moja mumewe alijisahau akaukatia kalenda. Fundi alimnunia siku nne, ya tano akamsemesha kwa sababu gesi ilikuwa imeisha. Anayejua ushonaji hatamlaumu, maana makali yakishazoea mambo mengine, ukiyapeleka kwenye hariri yanatafuna badala ya kukata.

Chumba chake cha kushonea kilitazama barabara. Kilikuwa na vyerehani viwili, meza ya kupigia pasi, kioo kirefu chenye ufa chini, na nguo za watu zimening'inia ukutani kila moja na kikaratasi chake. Akiwa humo watu walimwita Fundi. Akitoka nje tu, hata kama anakwenda duka la mlango wa tatu, jina lilibadilika akawa Mke wa Solo.

Solo ndiye mumewe. Ni mtu mpole, msafi, aliyestaafu kazi ya kusoma mita za maji, na jina hilo hakulipata kwenye mita. Alilipata ujanani, wakati yeye na mkewe walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha nguo na kiwanda kilikuwa na bendi yake. Bendi ile ilirekodi kanda moja tu maishani. Ndani yake mlikuwa na wimbo unaoanza na gitaa peke yake, na redio ikaupenda ule mwanzo, ikawa inaupiga kila siku saa saba mchana kabla ya kusoma matangazo ya vifo. Miaka kumi na tisa mfululizo. Hakuna mtu mzima mjini mle asiyeujua, na watoto waliupiga mluzi wakitoka shule. Nyuma ya kasha la kanda paliandikwa jina la mpiga gitaa la solo, nalo lilikuwa jina la mumewe.

Aliyepiga solo ni Fundi.

Alikuwa na miaka ishirini na tano na mimba ya miezi mitano, tumbo likilisukuma gitaa mbele mpaka ikabidi alishike kama mtu aliyebeba beseni. Mumewe alikuwa nyuma yake anapiga ridhim, gitaa la kusindikiza, na ridhim yake ilikuwa nzuri, hilo Fundi hajawahi kumnyima. Lile kasha liliandikwa na bwana mmoja wa ofisi ya utumishi ya kiwanda, ambaye hata mazoezini hakuwahi kutia mguu. Aliona majina mawili ya wapiga gitaa, moja la mwanamume na jingine la mwanamke, akaamua mwenyewe nani anaweza kupiga nini. Mumewe akamwambia mkewe asijali, toleo la pili litarekebishwa. Toleo la pili halikutoka. Mtoto akazaliwa, akaja wa pili, kiwanda kikafungwa, na gitaa, kwa kuwa lilikuwa mali ya kiwanda, likaondoka na meza na makabati. Fundi akanunua cherehani. Huku nyuma mumewe, akiulizwa mitaani kama ni yeye aliyepiga ule mwanzo wa matangazo ya vifo, mara za kwanza alicheka tu bila kujibu. Baadaye akawa anaitikia kwa kichwa. Mwishowe likawa jina lake.

Na Fundi aliliacha lipite. Hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko yote, kwamba alikuwa anaona na akaliacha lipite. Alijiambia ni kosa la karatasi, kwamba mume ni wake na sifa zinaingia nyumba ileile, kwamba ana magauni sita ya kumaliza kabla ya Ijumaa. Na kweli Ijumaa zilikuwa nyingi.

Gitaa lilirudi hivi. Mteja mmoja aliyekuwa anahama alileta mapazia yafupishwe, na siku ya kuyachukua akaja na gitaa kuukuu mkononi. Nyumba anayohamia ni ndogo, gitaa halina pa kukaa, kama Fundi analitaka abaki nalo. Fundi akasema sawa, atalitundika liwe pambo. Mteja alipotoka, akafunga mlango, akageuza kile kibao cha "Narudi sasa hivi", akakaa kwenye kiti cha wateja akalipakata.

Miaka ishirini na saba, jamani. Mkono wa kulia ulikumbuka kidogo. Wa kushoto ulikuwa mkono wa mtu mwingine kabisa. Vidole vya mshonaji ni vigumu, ila ugumu wake uko pembeni, anaposukumia sindano, na nyuzi za gitaa hazina habari na hapo, zinataka ncha. Zilimkata kwenye nyama laini mpaka baada ya robo saa alikuwa ananyonya vidole na kucheka peke yake. Kisha akalia kidogo. Kisha akafungua mlango akaendelea na suruali ya mtu.

Nyumbani hakukuwa na nafasi ya kujifunza upya. Kila akiligusa gitaa, mumewe alikumbuka jambo: televisheni ikaongezwa sauti, au bomba la nyuma likahitaji kutazamwa. "Umri huu, mama watoto?" alimwambia siku moja, huku anacheka na miguu tayari iko mlangoni. Fundi alidhani anadharauliwa. Haikumpitia akilini kwamba mtu yule alikuwa anaogopa.

Basi akajiandikisha kwenye darasa la watu wazima, Jumamosi saa nne asubuhi, katika chumba kimoja cha shule ya msingi. Walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Walikuwa kumi na mbili, akiwamo Dereva wa lori, mtu wa mwili mkubwa na vidole vinene, aliyependa kuomba radhi kila akikosea hata kama hakuna aliyemsikia. Mwalimu wao alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye miwani, makini, anayekuja na karatasi zake zimepangwa na sikio ambalo lingeweza kukwambia feni ya darasa inaimba sauti gani. Fundi alijiandikisha kama asiyejua chochote. Aliona aibu kusema aliwahi kujua, halafu waone asivyoweza.

Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa ya kunyonya vidole. Wa nne, vidole vikarudi. Havikurudi vyote siku moja. Kidole cha pete ndicho kilichotangulia, Jumanne moja saa sita mchana chumbani mwake, kikaenda mahali pake bila kutumwa. Fundi alisimamisha mkono akakitazama. Ncha zilikuwa zimeota sugu mpya juu ya vidole vya mtu wa miaka hamsini na mbili, na alizipapasa mchana kutwa kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea.

Ndipo Mwalimu akagawa karatasi ya somo la kumi. Juu iliandikwa kwa herufi kubwa: Mruko wa Solo.

Mwalimu aliieleza kwa heshima zote. Huu ndio mwanzo wa matangazo ya vifo, alisema, urithi wa mji wetu. Upekee wake uko katikati. Muziki unashuka vizuri uzi kwa uzi, kisha panasikika mlio mfupi, ta, ambao wao wataupata kwa kugonga ubao wa gitaa kwa ukucha. Panafuata kimya cha nusu pumzi. Kisha mpigaji anauruka uzi wa tatu kabisa, anakimbilia juu ya shingo ya gitaa na kuzitafuta sauti zake kwenye uzi wa nne, na haugusi tena ule wa tatu mpaka mwisho. Hakuna mpigaji mwingine aliyewahi kuwaza hivyo. Ni ubunifu wa hali ya juu, na ni mgumu, wasikate tamaa.

Wakajaribu. Darasa zima lilinyoosha vidole mpaka mifupa ikalia, wakagonga mbao kwa kucha kama watu wanaobisha hodi, na ule uzi wa tatu, kwa kuwa upo pale njiani, ukawa unaguswa na kupiga kelele kila mara. Dereva aliomba radhi mara tisa.

Fundi aliitazama karatasi. Mwanzoni hakuelewa anachosoma. Alipoelewa, damu ilimpanda mpaka masikioni.

Uzi ulikatika. Ndio mruko wote huo, hakuna kingine. Chumba cha kurekodia kilikuwa na kipaza sauti kimoja na mkanda wa kutosha wimbo kwa wimbo, na fundi mitambo aliwaonya tangu mwanzo kwamba hakuna kurudia. Katikati ya utangulizi uzi wa tatu ukafyatuka, ukagonga ubao, ta. Fundi alishtuka nusu pumzi. Akamwona fundi mitambo nyuma ya kioo anazungusha mkono, endelea, endelea, akaendelea na nyuzi tano, akizitafuta sauti pale zilipopatikana, jasho linamtoka, mtoto anampiga mateke. Ilikuwa ajali, na aliiokoa kwa vidole vyake. Sasa watu wazima walikuwa wanavunjana mikono kuiiga ajali yake, na ajali imepewa jina la mumewe.

Zamu yake ilipofika aliupiga wimbo kama walivyoufanyia mazoezi kiwandani, ulionyooka, unashuka uzi kwa uzi mpaka chini. Ulitoka safi. Dereva hata akasahau kuomba radhi.

"Mama, umeanza vizuri sana," Mwalimu alisema. "Hapo kwenye mruko ndipo umekosea."

"Hapo hapakuwa na mruko," Fundi akamjibu. "Uzi wa tatu ulikatika."

Mwalimu alitabasamu kwa upole, na upole ule ulimchoma Fundi kuliko kama angemfokea. Alieleza kwamba yeye habahatishi. Miaka miwili iliyopita alikwenda kumwona Mzee Solo mwenyewe, akakaa naye alasiri nzima na daftari. Mzee alimweleza kwamba mruko ule aliupata utotoni, kwa kumtazama bibi yake akiruka mtaro wa maji na ndoo kichwani, na ule mlio ni fimbo ya bibi ikigonga jiwe. Darasa zima likasema aah. Mwalimu akaongeza kwamba Mama ana bahati, nyumbani kwake yuko mwalimu mkubwa kuliko yeye, angemwuliza tu.

Bibi yule Fundi alimfahamu. Alikuwa mama mzito mwenye goti bovu, na kuruka kwake kwa mwisho duniani kulikuwa kabla mjukuu hajazaliwa. Hakuwa na fimbo. Fundi alikusanya vitu vyake, akasema ana mteja, akatoka.

Alimkuta mumewe uani amekaa kwenye kigoda anapiga viatu rangi. Fundi hakuzunguka. Alimwuliza kuhusu bibi, mtaro na ndoo.

Solo aliendelea kusugua kiatu muda mrefu kuliko kilivyohitaji. Akasema kijana alikuja na daftari, anauliza mruko, mruko, ulitoka wapi, naye hakujua aseme nini, maneno yakatoka yenyewe. Ni maneno ya mdomoni tu. Mbona anayakuza?

"Ungesema ulikatika uzi. Ungesema aliyepiga ni mkeo."

"Mama watoto, mimi na wewe si kitu kimoja? Changu chako, chako changu."

"Kitu kimoja chenye jina lako," Fundi alisema. "Nataka uwaambie. Wewe, kwa mdomo wako. Sitaki kingine chochote."

Solo akaweka kiatu chini. Akamwuliza kama anataka achekwe mji mzima katika umri huu. Watu wameshazoea hivyo, wanamsalimia hivyo, hata kwenye misiba wanampisha kiti kwa sababu ya ule wimbo. Halafu akatamka lile ambalo Fundi alilibeba wiki tano zilizofuata kama kokoto kwenye kiatu.

"Na hata ukisema wewe, nani atakuamini? Kwa vidole vyako hivi vya sasa?"

Fundi aliingia ndani akaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Wiki tano hizo kibao cha "Narudi sasa hivi" kilifanya kazi. Kila mchana aliketi kwenye kiti cha wateja akapiga. Wateja walilalamika kwamba Fundi siku hizi hakamatiki, na mmoja alibeba koti lake halijatiwa vifungo akaondoka kwa hasira. Fundi alisikitika, lakini si sana. Alikuwa na hasira zake mwenyewe, na zilimkalisha pale kwenye kiti kuliko mapenzi ya muziki yalivyowahi kumkalisha. Alipiga ulionyooka mpaka ukakaa. Kisha akaanza kupiga wa kanda, wa nyuzi tano, na huo ulikataa. Kila alipokimbilia juu, uzi wa tatu ulimkwaza mkono wa kulia, ule ule uliowakwaza kina Dereva. Alikasirika mpaka akatupa karatasi ya Mwalimu kwenye kapu la vitambaa. Ikamchukua siku mbili kuona jambo ambalo mtoto angeliona: siku ile uzi haukuwapo. Akaulegeza, akautoa, akapiga. Vidole vikaenda vyenyewe kama vinarudi nyumbani kwa njia ya mkato.

Siku ya kufunga mafunzo ilifanyika ukumbini mwa shule ileile, asubuhi, familia zimekaa kwenye viti vya plastiki. Mgeni rasmi wa kugawa vyeti alikuwa, nani mwingine, Mzee Solo. Shati alilovaa lilishonwa na mkewe. Asubuhi, akimfunga kifungo cha juu ambacho huwa kinamshinda, Fundi alimwambia kwa sauti ya kawaida kwamba leo atapewa kipaza sauti mbele ya watu, nafasi ndiyo hiyo. Solo akasema, "Tutaona." Fundi akachukua mkasi wake msumarini, akauviringisha kwenye kipande cha kitambaa cha pamba, akautia mkobani. Mumewe alimwona. Akadhani anaupeleka kunolewa.

Kipaza sauti alipewa. Na mtu yule, mpole, msafi, baba wa watoto wake, alisimama na kusimulia habari za bibi. Safari hii alitia chumvi zaidi: bibi alikuwa na ndoo kichwani na yeye mwenyewe mgongoni, na aliuhisi ule mruko tumboni mwake akiwa na miaka mitatu. Watu walicheka kwa furaha na kupiga makofi. Makofi yakamnogea. Akanyoosha mkono kuelekea safu ya wanafunzi, akasema pale yuko mke wake, na yeye sasa vidole havimruhusu, basi ameamua kumwachia mikoba mama watoto, amekuwa akimwelekeza nyumbani kidogo kidogo.

Akimwelekeza! Mpaka dakika ile Fundi alikuwa bado na huruma, alikuwa hata ameanza kufikiria kuuacha mkasi mkobani. Huruma ikaisha yote kwa neno moja.

Wanafunzi wakapiga mmoja mmoja. Dereva alipiga vizuri ajabu na akasahau kugonga ubao, akaomba radhi kwenye kipaza sauti. Fundi aliitwa wa mwisho, na Mwalimu alimtambulisha kama Mke wa Solo. Fundi akakaa na gitaa. Akaufungua mkasi kutoka kwenye kitambaa, akauweka pajani. Watu wa mbele waliuona, wakatazamana. Mumewe, mita tatu kutoka pale, aliuona, na kwa mara ya kwanza siku ile akaacha kutabasamu.

Fundi akaanza. Sauti zilishuka uzi kwa uzi, taratibu, na ukumbi ukanyamaza kwa namna ambayo watu hunyamaza wakisikia kitu wanachokijua tangu utotoni. Mwanamke mmoja mtu mzima alifumba macho. Ilipofika pale katikati, Fundi aliinua mkono wa kulia, akachukua mkasi usiokata kitu ila kitambaa, akaupeleka kwenye uzi wa tatu na kuubana.

Ta.

Uzi ulifyatuka ukagonga ubao, na hapakuwa na mtu ukumbini ambaye hakuutambua ule mlio. Walikuwa wameusikia kila mchana kwa miaka kumi na tisa. Kimya kilikuwa kirefu kidogo kuliko nusu pumzi, kwa sababu ilibidi aurudishe mkasi pajani. Kisha vidole vikakimbilia juu, kwenye uzi wa nne, bila kukwaza kitu, bila kunyoosha mfupa wowote, na wimbo ukaenda mpaka mwisho kama ulivyokuwa kwenye redio.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu alikuwa amesimama, kidole kimoja hewani, macho yamefumbwa nyuma ya miwani.

"Kwenye kanda, baada ya ule mlio, nyuzi zote zinapanda sauti kidogo," alisema polepole. "Kidogo sana. Mimi siku zote nilidhani ni kanda imechakaa."

"Uzi mmoja ukikatika, zilizobaki zinakaza," Fundi akasema. "Chukua gitaa lolote ujaribu."

Mwalimu hakuchukua. Sikio lake lilikuwa limeshasikia. Akamgeukia Mzee Solo na kumtazama, na kwenye uso wake hamkuwa na hasira, mlikuwa na aibu ya mtu aliyefundisha watu wengi kugonga ubao.

Fundi alinyanyuka. Alitembea zile mita tatu, akamwekea mumewe gitaa mapajani. Watu wote walijua kwamba Solo hajagusa gitaa hadharani tangu kiwanda kifungwe, kwa sababu, kama alivyokuwa akieleza, kifuniko cha mita kilimwangukia kidole cha shahada. Fundi ndiye aliyekifunga bendeji kidole kile. Kilipona baada ya siku nane.

"Piga," alimwambia.

Solo aliliangalia gitaa kama alivyokuwa akiziangalia mita zilizoharibika. Mikono yake ikalishika. Kisha vidole vyake, bila yeye kuvituma, vikaenda mahali vilipozoea, na mkono wa kulia ukaanza kuchapa. Ilikuwa ridhim. Ridhim ya wimbo uleule, ile inayoingia utangulizi ukiisha, iliyotulia, haiyumbi, nzuri kama zamani. Alipiga labda sekunde kumi akajisikia mwenyewe. Akasimamisha mkono juu ya nyuzi.

Fundi alikuwa amesimama juu yake. Hakumwonea huruma. Alikuwa amengoja miaka ishirini na saba, na alikuwa tayari kungoja pale mpaka jioni, wenye viti vyao wakivitaka wavikusanye na yeye hapohapo.

"Solo aliipiga huyu," mumewe akasema kwa sauti ya chini, anaongea na gitaa. "Uzi ulikatika, akaendelea. Mimi nilikuwa nyuma yake."

"Wa nyuma hawajasikia," Fundi alisema, akamsogezea kile kipaza sauti alichosimulia nacho habari za bibi.

Solo akasimama, akakishika, akarudia.